Sahani ya Watu Wawili

Jirani yangu hapa Chanji, mjini Sumbawanga, ana mazoea ya kukaanga dagaa bila mafuta. Anaweka jiko la mkaa nje ya mlango wake, anawamimina kwenye kikaango kikavu, anawageuza taratibu mpaka wakauke na kuanza kurukaruka, kisha anawatwanga kwenye kinu kidogo wawe unga. Harufu yake haipigi hodi. Wapangaji wenzangu wanalalamika kwamba inaingia kwenye nguo zilizoanikwa, na kweli inaingia. Mimi nimenyamaza tu. Ikinifikia huwa siko Chanji tena. Niko Mpui, kijijini kwetu, nina miaka minne na kitu, nimekaa kwenye mkeka jikoni kwa mama, na mdomo wangu umejaa chakula ambacho sina mpango wa kukimeza.

Niwaambie mapema kwamba naandika haya nikiwa nimechoka, msije mkashangaa nikianza jambo na kulipumzisha njiani. Nauza kwenye duka la pembejeo mjini, na msimu wa mbolea ukifika tunasimama tangu asubuhi mpaka jioni. Narudi nyumbani miguu imevimba, na nyumbani kuna mwanangu Brayani, wa miaka minne, ambaye ameamua kwamba vitu vinavyolika hapa duniani ni chipsi, biskuti na juisi ya pakiti. Mwalimu wake wa chekechea alituita wazazi akatuomba, kwa upole wake wote, tusiwafungashie watoto biskuti. Tuwape kiazi kitamu, yai la kuchemsha, kipande cha parachichi. Tuliitikia kwa vichwa, wote. Kuitikia hakuna gharama. Shughuli iko jioni, ukiwa umekaa mbele ya mtoto aliyefumba mdomo na kugeukia ukutani, na wewe mwenyewe unatamani kulala na viatu vyako.

Ndiyo maana nikakumbuka yangu.

Nyumba yetu kule Mpui haikuwa nyumba ya njaa. Hilo lieleweke kabisa, maana baba angekuwa hai angeanza na hilo. Kihenge chetu kilikuwa kikubwa kuliko jiko, na kila mwaka kilijaa mahindi mpaka baba anaongeza magunia ndani ya chumba cha kulala, tukawa tunalala na panya wa kila umri. Ulezi ulikuwepo, wa pombe ya watu wa kulima kwa ujima. Maharage yalikuwepo, mengi ya kuuza. Kuku walikuwepo, na mayai yao yalikuwa ya wageni, kwa sababu bibi, mama yake baba, alikuwa na maelezo kuhusu yanayompata mtoto anayekula yai. Maelezo yenyewe yalibadilika kila mwaka, lakini mwisho wake ulikuwa uleule, kwamba yai hupewi.

Tulikula kwa makundi, kama walivyokula majirani zetu wote. Baba alikula na kaka yetu mkubwa, Deusi, au na mgeni akiwepo. Mama alikula na bibi, wao wawili kwenye sahani moja, upande wa jikoni karibu na moto. Sisi watoto tulikuwa na sinia letu: dada yangu Gaudensia, kaka yangu Piusi, watoto wawili wa baba mdogo, na mimi kitindamimba. Ugali ulikaa katikati, unafuka moshi, na bakuli la mboga pembeni. Hakuna aliyeongea. Anayeongea anapoteza nafasi. Piusi alikuwa na ufundi wa kumega tonge, kulitoboa kwa dole gumba, na kuchota nalo maharage mengi kuliko mtu mzima, mara moja tu, na uso wake ukabaki kama wa mtu anayesali. Mimi nilikuwa mdogo, mkono mfupi, na natafuna polepole. Nilipokuwa namaliza tonge la kwanza, bakuli lilikuwa limeshabaki mchuzi. Kwa hiyo nilikula ugali na mchuzi, ugali na harufu ya mchuzi, na mara nyingine ugali na chumvi.

Sikulalamika, maana nilishiba. Baada ya kula bibi alituita mmoja mmoja, akainua shati au gauni na kutugonga tumbo kwa kidole cha kati, kichwa amekiinamisha akisikiliza. Tumbo likilia kwa sauti iliyokaza, anakuachia uende kulala. Tumbo langu lilimfurahisha kuliko yote. Lilikuwa la duara, limesimama mbele yangu, na chini yake miguu miwili myembamba ikilibeba kwa taabu.

Kliniki ilikuwa kwenye zahanati, na mizani ilining'inia kwenye boriti ya baraza. Walikuvalisha kijisuruali cha turubai chenye kamba, wakakutundika, ukabembea pale huku mama zako wote wa kijiji wakikutazama. Nilikuwa mkubwa kwa jambo lile. Watoto wengi waliotundikwa siku hiyo hawakuwa na meno. Nesi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, alisoma mshale, akaandika kwenye kadi, akamgeuzia mama ile kadi aone. Kulikuwa na kijani, kijivu na nyekundu. Mama hakusoma sana, lakini rangi alizijua, na alama yangu ilikuwa kwenye nyekundu.

Nesi alimuuliza nakula na nani. Mama akajibu, na wenzake. Nesi akamuuliza anayenitazama nikila ni nani. Lilikuwa swali la ajabu. Nani anakaa kumtazama mtoto akila?

Nesi alimweleza polepole kwamba tumbo kujaa si kushiba. Nitolewe kwenye sinia, niwe na sahani yangu, mchana na jioni. Kwenye sahani ugali uwe kidogo, maharage yaliyopondwa yawe mengi, majani yawepo, unga wa dagaa unyunyiziwe juu, tone la mafuta, na yai likipatikana nipewe bila maneno. Na mtu mzima akae nami mpaka nimalize. Kama kliniki mbili zijazo mstari wangu hautapanda, nitapelekwa kulazwa mjini Sumbawanga, na mama itabidi alazwe na mimi. Ilikuwa katikati ya palizi. Mama kulazwa mjini wakati wa palizi ilikuwa ni sawa na kuyaachia magugu shamba la maharage lote, na maharage ndiyo yalikuwa sare zetu za shule, dawa za bibi, na kila kilichonunuliwa dukani.

Jioni hiyo mama alimweleza baba, na baba alikasirika mpaka akasimama. Hakumkasirikia mama, alimkasirikia nesi. Mtu mwenye kihenge kama kile kuambiwa mtoto wake hali. Alitaka aende kumwita aje akione kwa macho yake. Aliniita, akainua gauni langu mbele ya taa, akamwonyesha mama.

"Tumbo hili ni la mtoto mwenye njaa?"

Mama alisema hapana, si la njaa. Baba akaamua kwamba kama ni uzito, uzito uko kwenye mahindi. Kuanzia kesho yake ikawa amri: Skola, yaani mimi, aongezewe ugali. Gaudensia alisimamia. Tonge langu likawa kubwa kuliko ngumi yangu, na nilipoacha kula niliambiwa baba anasikia. Watu wa Ufipa mtanielewa. Ukimwambia mkulima wa kwetu kuna upungufu ndani ya nyumba yake, atakufungulia kihenge. Hana jibu jingine, na alilitolea jasho jibu hilo. Nilikula mahindi ya baba kwa bidii, bibi akanigonga tumbo na kuridhika, na kliniki iliyofuata mstari ulikuwa umeshuka.

Mama alirudi nami mgongoni, ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea. Mvua nyembamba ya kwetu ilikuwa inanyesha, ile inayofanana na ukungu uliokata tamaa. Tulipofika alinishusha, akavua kanga iliyolowa, akaenda moja kwa moja kabatini na kutoa sahani ya bati yenye ukingo wa buluu.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu sahani hiyo, maana nyumba nzima tuliijua. Ilikuwa ya babu. Babu alipougua kifua, walimtengea sahani yake na kikombe chake, akawa anakula peke yake kwenye chumba cha nyuma, na sisi tukakatazwa kugusa. Alikula hivyo muda mrefu, kisha hakuonekana tena, na watu wakaja wengi, wakapika nje. Hilo ndilo nililolijua mimi kuhusu mtu kuwa na sahani yake. Kwetu mtu mzima wa afya hakuwa na sahani ya peke yake. Aliyekula peke yake alikuwa mchoyo, au mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni wa namna ile.

Jioni hiyo nikaitwa jikoni. Sahani ya buluu ilikuwa imepakuliwa vizuri kuliko chakula chochote nilichowahi kupewa. Maharage yamepondwa, majani ya maboga yamechanganywa na karanga, unga wa dagaa juu yake. Dagaa wenyewe mama aliwanunua kwa wanawake wa Kasanga waliokuwa wanapanda kutoka ziwani siku za gulio, akawakaanga bila mafuta, ile harufu ikajaa jikoni. Kando kulikuwa na ugali kidogo, mdogo kuliko tonge la Piusi. Kwenye sinia lao wenzangu walikuwa wameacha kula, wananitazama. Piusi akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba Skola ni mgonjwa.

Nikakataa. Nilikataa kwa kichwa, kwa mikono, na mwisho kwa kulala kifudifudi sakafuni. Mama alinibembeleza, akanitisha, akaniuliza kama ni majani siyapendi. Aliniinua nikawa kama gunia lililotobolewa, namwagika. Kesho yake mchana vilevile. Jioni vilevile. Ile sahani ilirudi imejaa, na bibi, ambaye aliipinga tangu mwanzo, akasema kwa Kifipa, bila kumtazama mtu, kwamba mtoto ana akili kuliko waliomzaa. Kumtenga mtoto ni kumfundisha uchoyo, na uchoyo hauna kliniki.

Siku ya tatu au ya nne, sikumbuki, mama alitoka shambani jioni matope yakiwa yamemfika magotini. Alikaa kwenye kigoda, akaegemeza mgongo ukutani, akaweka sahani kati yetu. Hakunibembeleza. Aliniuliza tu kama mtu anayeuliza njia:

"Skola, una nini na sahani hii?"

Nikamwambia sitaki kufa.

Gaudensia alitaka kucheka, akaona uso wa mama, akaacha. Mama aliitazama ile sahani, na nadhani ndipo alipoiona kama nilivyokuwa naiona mimi. Akavuta bakuli la maji, akanawa mikono, akamega ugali wangu, akachota maharage na dagaa, akala. Akatafuna mpaka mwisho, akameza, akafungua mdomo nione hamna kitu. Kisha akasema, "Haya. Tunakula wawili. Wewe na mimi."

Nikala. Kidogo sana, lakini nikala.

Upande wa pili wa moto, bibi alikuwa amekaa mbele ya sahani ya wanawake, peke yake.

Hilo mama hakulifikiria, au alilifikiria akaona hakuna njia. Usiku ule bibi hakula. Kesho yake hakula jikoni. Alibeba sahani chumbani na ikarudi kama ilivyokwenda. Jumapili, njiani kutoka kanisani, aliwaambia wanawake wenzake kwamba siku hizi anakula kama mjane wa jana, ndani ya nyumba ya mtoto wake wa kumzaa. Habari ilimfikia baba kabla yeye mwenyewe hajafika nyumbani. Akawaita wote wawili sebuleni, na sisi tukajazana nyuma ya pazia.

Mama alipiga magoti. Sikuwahi kumwona akipiga magoti nje ya kanisa. Alimwambia bibi, "Mama, sijakukimbia. Nimeambiwa nikae naye mpaka amalize. Nikirudi kwako, na yeye atarudi kwenye sinia, na kule hapati kitu. Zikipita siku hizi nitalazwa naye mjini, na shamba litabaki na nani?"

Bibi akauliza, na sauti yake haikuwa ya ugomvi hata kidogo:

"Sasa mimi nile na nani?"

Bibi alikuwa amekula na mtu maisha yake yote: na mama yake, na wake wenza, na wakwe zake. Babu alipotengewa sahani ile, yeye ndiye aliyekuwa anampelekea na kusubiri mlangoni. Mimi nilikuwa namwogopa bibi, lakini pale nyuma ya pazia nilimwonea huruma, na nikaona kwamba chakula changu kimemnyang'anya kitu.

Baba, ambaye hakupenda mambo yasiyokatika, alikata hilo. Gaudensia ahame sinia, akale na bibi. Bibi hakufurahi, alikubali. Gaudensia alilia siku ya kwanza kama anayepelekwa kuolewa. Ila meno ya bibi yalikuwa machache, hakuweza vipande vigumu, akawa anamsukumia Gaudensia kila samaki na kila firigisi. Kufika mavuno dada yangu alikuwa na mashavu, na hakuna aliyemgonga tumbo kujua ameshiba.

Kwangu haikuwa rahisi hivyo. Msidhani nilipoanza kula mambo yakaisha. Mtoto ambaye tumbo limezoea kujazwa ugali hataki kitu kingine. Kila kitu kingine kina kazi. Majani yana nyuzi. Maharage yana maganda. Dagaa hata wakisagwa wana ule uchungu wa kichwa. Nilikuwa na ujanja wa kulaza chakula shavuni, nikakihifadhi pale muda mrefu, natazama moto. Ningeweza kulala nacho. Mama alinitazama mpaka alipoona shavu limetuna, akaligusa kwa kidole.

"Tafuna," alikuwa akisema. "Mimi sina haraka."

Alisema hivyo kila jioni. Alikuwa ametoka palizini, nguo hazijakauka mwilini. Kulikuwa na vyombo vya watu tisa, maji ya kuchota, kuni za asubuhi, unga wa kesho, na baba anayeuliza kama maji ya kuoga yako tayari. Mama amekaa kwenye kigoda, mkono mmoja umeshika goti, macho yake yananitazama, anatafuna polepole ili nione jinsi ya kutafuna. Tonge langu moja lilichukua muda wa kumenya viazi vya nyumba nzima. Kwetu mtoto aliyechezea chakula alichapwa, na Piusi anaweza kuwaonyesha alama. Mama hakunichapa. Hakupandisha sauti. Wakati mwingine kichwa chake kilianguka mbele, akasinzia, akashtuka, akaendelea palepale.

Siku moja alivunja yai ndani ya maharage, mbele ya bibi. Bibi alilitazama yai, akamtazama mama, akageukia ukutani na kusema mwaka huu mbu ni wengi. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Kliniki ya mwisho ilifika. Asubuhi hiyo mama alifunga nguo zake na zangu kwenye kanga, endapo tutatoka pale kwenda mjini. Alimpa Gaudensia maelekezo ya kuku, ya moto, ya bibi. Baba alikuwa uani ananoa jembe ambalo lilikuwa kali tayari. Kwenye baraza la zahanati nilivalishwa kile kijisuruali, nikatundikwa, nikabembea. Niliitazama sura ya mama badala ya mshale. Alikuwa ameshika ule mzigo wa kanga kwa mikono yote miwili, na midomo yake inasali.

Nesi alisoma, akasubiri nitulie, akasoma tena. Alichora. Mstari ulikuwa umepanda, haukuwa umepanda sana, lakini ulikuwa umetoka kwenye nyekundu na kugusa kijivu. Akamrudishia mama kadi na kumwambia aendelee hivyohivyo. Basi. Hakuna aliyepiga vigelegele. Mama alinivua kile kijisuruali, akakaa kwenye benchi la baraza na mimi mapajani, na hatukuondoka mpaka wanawake wengi wakawa wamepita. Nilidhani anapumzika. Jioni baba alikwenda kilabuni, akawaambia wenzake kwamba mahindi yake hayajawahi kumwangusha.

Tulikula wawili mpaka mavuno, mimi na mama, na sahani ikaacha kunitisha. Kisha siku moja nilirudi kwenye sinia mwenyewe, bila kuitwa. Nilikuwa nimejua kutafuna, na mkono ulikuwa umerefuka. Nilitoboa tonge kwa dole gumba, na Piusi akapiga kelele kwamba nimemwibia.

Hadithi hiyo ilikua pamoja nasi. Kwenye harusi ya Gaudensia shangazi mmoja aliisimulia kwa kipaza sauti, akatolea mfano: muwe na subira kama ya mama yake Skola, aliyekaa na mtoto msimu mzima bila hata kumkunjia uso. Watu wakapiga makofi. Na mimi nikaibeba hivyo. Nilipojifungua Brayani niliamini kwamba subira iko kwenye damu, nitaikuta tu mahali fulani, siku nitakapoihitaji.

Sijaikuta. Jioni nyingi naweka maharage na mchicha mbele ya mwanangu na ndani ya dakika chache nasikia sauti yangu ikipanda mpaka jirani anasimamisha mtwangio wake. Mara nyingine nachukua njia fupi: namfungulia pakiti, ananyamaza, na mimi nanyamaza, kila mmoja upande wake wa kochi. Halafu nalala nikiwaza kwamba mimi ni mama wa namna gani, maana niliona kwa macho yangu namna nyingine.

Mwezi uliopita mama alikuja kwangu kwa ajili ya macho yake, alikuwa na miadi hospitalini. Amezeeka, amekuwa mdogo. Jioni ya kwanza alikaa kwenye kochi akanitazama nikihangaika na Brayani, hakuingilia kati. Nilijitahidi kuongea kwa upole, kwa sababu yupo. Brayani akatema mchicha kwenye mkono wangu. Nikamgeukia mama, nikamuuliza kitu nilichokuwa nimekibeba muda mrefu: yeye aliwezaje.

Aliniuliza aliweza nini. Nikamkumbusha ile sahani ya buluu. Mwaka ule aliukumbuka, magugu aliyakumbuka, na mgongo. Sahani ilimjia kwa mbali. Nikamwambia kuhusu shangazi na kipaza sauti, kuhusu subira yake.

Mama alicheka kidogo, kicheko kikavu.

"Subira gani, Skola? Nilikuwa nakuchukia."

Nilidhani sikusikia vizuri. Akaendelea kwa sauti ileile, macho yake mabovu yakiangalia dirisha.

"Si sana. Lakini kila jioni. Nakuona umefumba mdomo, mgongo unaniuma, vyombo vimejaa, nasema huyu ndiye atakayenizika. Nakuchukia mpaka naona aibu kwa Mungu. Halafu unameza. Ukishameza, inaondoka. Kesho yake jioni inarudi."

Nikamuuliza kuhusu yale maneno, kwamba hana haraka.

"Nilikuwa najiambia mwenyewe," alisema. "Ningeinuka, nisingerudi kukaa."

Kisha akaomba maji ya kumezea dawa, akaenda kulala, kama mtu aliyeulizwa bei ya kitu akaitaja. Nilibaki pale na Brayani na sahani. Nililia, na niwaambie ukweli, haikuwa huzuni. Miaka yote nilikuwa najipima na mwanamke ambaye hakuwahi kuwepo. Yule aliyekuwepo alikuwa amechoka kama mimi, ana hasira kama zangu, na kila jioni alinichukia kwa muda wa tonge moja, akiwa amekaa. Sikuwahi kujua kwamba nilipendwa kiasi hicho.